KOMPYUTA MPYA HAINA HAKI YA KUFUTA NYIMBO ZA MTU

1.
Leo siandiki kuhusu presha wala vidonda vya kisukari. Naandika kuhusu kitu kinachoenea kwenye kiganja: pleya ya muziki, na kompyuta mpya ya nyumbani. Hivi viwili vikikutanishwa haraka haraka, nyimbo za miaka kumi zinapotea ndani ya dakika moja, halafu mwenye nyimbo anaambiwa, "Si ulibonyeza mwenyewe?" Hilo neno nimelichoka. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2.
Kwanza tuelewane kinachotokea. Chukua iPod, maana ndiyo pleya iliyoingia nyumba nyingi, na hata leo zipo kwenye droo zetu, nyingine zimeletwa na ndugu waliotoka Ulaya au Uarabuni. Umeizoea na ile kompyuta ya zamani. Kompyuta imekufa, umejipinda umenunua mpya. Unaweka programu ya iTunes, unachomeka waya. Inakuja meseji: iPod hii inatumika na maktaba nyingine, je, unataka kuifuta na kuisawazisha na maktaba hii? Chini yake kuna vitufe. Kimoja cha kughairi. Kimoja cha kufuta na kusawazisha. Kingine cha kuhamisha ulivyonunua. Hicho cha mwisho kinaokoa vitu vilivyonunuliwa kwenye duka la Apple tu. Kwaya uliyoingiza kutoka kwenye CD, taarabu uliyopewa na shangazi, hazimo.

Kitufe cha nne, ambacho binadamu yeyote angekitafuta, hakipo. Kile cha kusema: "Chukua kila kilichomo humu ndani, kiweke kwenye kompyuta yangu mpya."

3.
Sasa hilo neno "kusawazisha". Kompyuta mpya ni tupu. Pleya imejaa. Unawasawazishaje aliyeshiba na mwenye njaa kwa kumtapisha aliyeshiba? Hapa mtaani ukimwambia fundi asawazishe sakafu, hategemei kubomoa chumba kizima ndipo alingane na shimo.

4.
Kwa nini ilitengenezwa hivi? Hapa kuna historia kidogo. Januari 2001 Steve Jobs alisimama jukwaani akaeleza kwamba kompyuta itakuwa kitovu, na vifaa vingine vyote vitaizunguka: kamera, pleya na vinginevyo. Mwezi huohuo iTunes ikatolewa. Oktoba 2001 ikaja iPod ya kwanza, ujazo wa GB 5, ikitangazwa kuwa ni nyimbo 1,000 mfukoni mwako. Ilifanya kazi na kompyuta za Mac peke yake. Ya kutumika na Windows ilikuja 2002, na iTunes ya Windows ikaja 2003.

Kwenye mpango huo, nyimbo halisi zinakaa kwenye kompyuta, na pleya ni kivuli chake. Kivuli kikipotea si tatizo, mwenye kivuli bado yupo. Kwa mtu wa California mwenye kompyuta mezani, CD zake kabatini na kadi ya benki, mantiki hiyo inaingia akilini.

5.
Lakini jamani, sisi tulianzaje? Nyumba nyingi ninazozijua mimi, pleya ilifika KABLA ya kompyuta. Binamu aliijaza huko aliko akaituma. Au uliipeleka kibandani kwa kijana wa kuweka nyimbo, ukamlipa, akakujazia kutoka kwenye mashine yake. Au ulikaa intaneti kafe mchana mzima. Kompyuta iliyoingiza zile nyimbo haikuwa yako na huenda haipo tena duniani.

Kwa hiyo kwetu pleya ndiyo yenye nyimbo halisi. Hakuna kitovu, hakuna kabati la CD nyuma yake. Kompyuta ya nyumbani ndiyo mgeni. Na mgeni huyu, siku ya kwanza tu kukaribishwa, anauliza kwa Kiingereza kama anaweza kufuta kila kitu.

Wodini tunapokezana zamu. Nesi anayeingia usiku hachani faili la mgonjwa kwa sababu daftari lake jipya halina jina la mgonjwa huyo. Anapokea ripoti, anaandika. Wa zamani ndiye anayejua, mpya anajifunza kwake. Hili ni jambo la siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Iweje watu werevu wa kompyuta walipange kinyume?

6.
Nitatoa mfano mmoja. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili mtu asijulikane, na hospitali siitaji.

Nilimuuguza mama mmoja mtu mzima. Alikuwa na pleya ndogo aliyotumiwa na binti yake, ndani kuna kwaya ya usharika wao iliyorekodiwa zamani kanisani kwao. Kwenye wimbo mmoja anayeanzisha ni marehemu mume wake. CD ilishakwaruzika siku nyingi, na kompyuta ya binti iliyotumika kuziingiza ilishauzwa. Mtoto wa kiume akanunua kompyuta mpya, akaona ampendezeshe mama: akapeleka vyote viwili kwenye duka moja la mafundi viwekwe sawa. Vikarudi viko sawa kabisa. Pleya safi, tena fundi kwa ukarimu wake kajaza nyimbo mpya zinazotamba, bure.

Mama akaweka vile vya masikioni. Akasikiliza kidogo. Akavitoa, akanipa mkononi. "Sista, hizi si zangu."

Basi. Hakulia wala hakumgombeza mtoto. Alikuwa na sauti moja ya mume wake duniani, ikafutwa na mtu aliyedhani anasaidia. Na yule fundi ukimuuliza leo, atakwambia mashine iliuliza, yeye akajibu.

7.
Kuna watakaosema, nesi anakuza mambo, nyimbo ni starehe tu. Haya, nisikilize.

Kuna Mmarekani anaitwa Dan Cohen, alisomea ustawi wa jamii. Alianza kupeleka iPod kwenye nyumba za wazee huko New York. Kila mzee anawekewa nyimbo ZAKE, zile alizozipenda ujanani, si nyimbo za jumla kutoka kwenye spika ya ukumbini. Mwaka 2010 akaanzisha shirika la Music & Memory. Filamu ya kazi yake, Alive Inside, ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Sundance mwaka 2014. Humo kuna mzee anaitwa Henry. Ameinamisha kichwa, hazungumzi na mtu. Wanamvalisha hedifoni zenye muziki wake. Anafungua macho, anaimba, halafu anaanza kuongea na kusimulia wanamuziki aliowapenda.

Sisemi muziki unaponya ugonjwa wa kusahau. Hauponyi, na mtu akikuuzia CD kwa ahadi hiyo mkimbie. Ninachosema ni kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo huwezi kuweka wimbo wowote tu. Lazima uwe ule wake. Ukifuta ule wake ukamwekea mia mbili za mtu mwingine, hujamrudishia kitu.

8.
Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike: ridhaa.

Kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, anasaini fomu. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba. Lakini saini peke yake si ridhaa. Aelezwe kwa lugha anayoielewa anafanyiwa nini, kitakachoondolewa kitarudi au hakirudi, na akikataa nini kinatokea. Ukimsainisha mtu aliye kwenye maumivu, karatasi ya Kiingereza, huku umemwambia "weka hapa mama tuendelee", hiyo ni karatasi yenye alama ya kidole. Kila anayevaa sare anajua hivyo.

Sasa pima ile meseji. Imeandikwa kwa lugha ambayo bibi haisomi. Haisemi kuna nyimbo ngapi zitakazopotea, wala haitaji hata jina la wimbo mmoja. Haikwambii kama zina nakala mahali pengine. Na inakuja wakati mtu ana hamu tu kifaa kifanye kazi. Halafu unaniambia mtu "amekubali"? Amekubali nini?

9.
Hoja ya kwanza ya wapinzani: "Angesoma. Uvivu wa kusoma ndiyo tatizo."

Sawa, kusoma ni kuzuri. Lakini hii hoja tuliizika hospitali zamani. Nesi akikosea dawa, tunamwajibisha, ndiyo, lakini tunauliza pia: kwa nini chupa mbili zinazofanana ziliwekwa kwenye trei moja? Ndiyo maana tunafundishwa kuhakiki mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Utaratibu mzuri unategemea kwamba binadamu atachoka, ataharakisha, na hivyo unamwekea kizuizi kabla ya madhara. Kitufe cha kufuta kila kitu kukaa jirani na kitufe cha kughairi, kwa ukubwa uleule, ni chupa mbili kwenye trei moja.

10.
Hoja ya pili, na hii naiheshimu zaidi: "Walikuwa wanazuia wizi. Pleya ikiwa rahisi kumwaga nyimbo kwenye kompyuta yoyote, watu watagawana bure, msanii atakufa njaa."

Msanii ana haki ya kula jasho lake, hilo silibishii. Ila angalia. Kuzuia nyimbo zisitoke kwenye pleya ni jambo moja. KUZIFUTA ni jambo jingine. Nyimbo za yule mama zilipofutwa, msanii gani aliingiziwa hata shilingi mia? Kwaya ile haijawahi kuuzwa duka lolote la mtandaoni.

Na hata hiyo kufuli yenyewe wenye duka waliitoa. Nyimbo walizouza kuanzia 2003 zilikuwa na kufuli, unaruhusiwa kuzifungua kwenye kompyuta chache tu, baadaye zikawa 5. Februari 2007 Jobs mwenyewe akaandika barua ya wazi akiyataka makampuni ya muziki yaachane na kufuli hizo. Januari 2009 ikatangazwa kwamba nyimbo za duka hilo zitauzwa bila kufuli. Muziki haukufa.

Nyuma zaidi, kampuni za kurekodi Marekani zilishtaki pleya ya mwanzo mwanzo, Rio PMP300, iliyotoka 1998. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa huko iliwakatalia, ikasema mtu kuhamisha nyimbo zake kutoka kwenye kompyuta yake kwenda kwenye pleya ni matumizi yake binafsi. Basi kama kutoka kompyuta kwenda pleya ni halali, mimi akili yangu ya diploma inauliza: nyimbo zilezile, mwenyewe yuleyule, zikirudi kutoka pleya kwenda kompyuta yake mpya, dhambi iko wapi?

11.
Hoja ya tatu, ya vijana: "Dada, hayo mambo ya kizamani. Siku hizi kila wimbo uko mtandaoni, unasikiliza tu."

Kila wimbo? Nitafutie kwaya ya kigango. Nitafutie ngoma iliyopigwa kwenye harusi ya babu yako, au rekodi za bendi za zamani ambazo mtu alizinasa redioni kwa kaseti. Hata zile zilizopo mtandaoni, zinataka bando kila mwezi. Bibi kijijini anaishi kwa kutumiwa hela ya sukari, unataka alipie bando ili asikie wimbo uliokuwa wake tayari? Na unacholipia kila mwezi, siku usipolipa kinanyamaza. Pleya ya zamani haina bili.

12.
Na nyie mafundi wetu, nawapenda, mnatuokoa, lakini leo mtanisamehe. Acheni tabia ya "tuformati tu". Flashi ikichomekwa na mafolda yanaonekana kama njia za mkato, mara nyingi ni virusi vimeyaficha, mafaili bado yamo. Kompyuta ikisema diski lazima iformatiwe kabla ya kutumika, haina maana kwamba diski ni tupu. iPod iliyoandaliwa kwa Mac ukiichomeka kwenye Windows inasemwa hivyohivyo, wakati ndani ni nzima kabisa! Ukibonyeza kukubali, umeua mgonjwa aliyekuwa amelala tu. Muulize mteja kwanza: "Kilichomo humu una nakala yake?" Akisema hana, mikono juu.

13.
Sasa dawa. Kwa mwenye iPod ya kizamani (classic, nano, shuffle) na kompyuta mpya ya Windows, fuata hivi:

a) USIANZE kwa kuweka iTunes. Isipokuwepo, ile meseji ya kufuta na kusawazisha haiji. Chomeka iPod kwanza. Mara nyingi itaonekana kama flashi.

b) Ifungue. Utaona kama haina nyimbo. Usishtuke, zimefichwa. Washa chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

c) Itatokea folda inaitwa iPod_Control. Ndani yake kuna Music, na ndani ya hiyo kuna mafolda F00, F01 na kuendelea. Nyimbo zako ndizo hizo. Nakili yote kwenye kompyuta. NAKILI, usihamishe.

d) Majina ya mafaili yatakuwa herufi nne zisizo na maana. Usiogope. Jina la wimbo na la mwimbaji mara nyingi limeandikwa ndani ya faili lenyewe, na programu ya muziki italisoma.

e) Weka nakala ya pili kwenye flashi, mpe ndugu akae nayo nyumba nyingine. Sebule ikiungua moto, kompyuta na pleya vinaungua pamoja.

f) Cheza nyimbo tatu nne kutoka kwenye kompyuta uhakikishe zinaimba. Hapo ndipo uweke iTunes, uizuie isisawazishe yenyewe, uchague kusimamia muziki kwa mkono. Ile meseji ya kufuta ikija kabla hujamaliza haya yote, ghairi.

Wenye iPod touch, njia hii haiwafai, ile haifunguki kama flashi. Na wale ambao kompyuta ya zamani bado inawaka, mna bahati: chukueni folda nzima ya muziki humo. Kama mlinunua nyimbo za enzi za kufuli, ondoeni idhini ya mashine hiyo kabla ya kuigawa, maana inahesabiwa kwenye zile 5.

Na kama zimeshafutwa? Acha kuitumia hiyo pleya sasa hivi. Usiongeze hata wimbo mmoja. Kilichofutwa wakati mwingine kinaweza kuokolewa na fundi mwenye programu za kazi hiyo, ilimradi hakijaandikiwa kitu juu yake. Yule mama, zile nyimbo za bure za fundi ndizo zilizoandikiwa juu.

14.
Kuna atakayesema nimechelewa, maana Mei 2022 Apple walitangaza mwisho wa iPod. Kweli, hazitengenezwi tena. Lakini zilizopo zitaendelea kuchomekwa kwenye kompyuta mpya, na kila mwaka kompyuta za zamani zinazidi kufa. Na tabia yenyewe haikufa na iPod. Simu mpya, saa mpya, akaunti mpya, vyote vinaanza kwa kuuliza maswali mtu akiwa na haraka, na jibu moja kati ya hayo ni la kufuta.

Ninachodai ni vitu vitatu tu. Kifaa kipya kianze kwa kupokea kilichopo. Kufuta kuwe kwa hatua ya pili, na kuseme wazi kwa lugha ya mtu: nyimbo ngapi, zipi, na kwamba hazirudi. Na anayeuza au kutengeneza kompyuta aone aibu kumrudishia mteja kifaa kitupu na kukiita kimetengenezwa.

15.
Mkiwa na mzee nyumbani mwenye pleya, redio ya memori kadi au simu ya kitochi iliyojaa nyimbo, wikendi hii kabla hujamnunulia kipya, kaa naye. Muulize ni zipi asizotaka zipotee. Andika majina, nakili, weka mahali pawili. Haitakuchukua hata nusu saa.

Mafundi mnaokubaliana au mnaopinga, njooni kwenye komenti, ila kwa lugha ya staha. Mwenye swali la iPod yake aandike ni ya aina gani na kompyuta ni ya aina gani. Naingia zamu ya usiku, nitajibu asubuhi nikitoka. Na nyie mliobaki, leo usiku msibonyeze "Sawa" kwenye kitu msichokielewa.